Mavazi ya michezo: Jinsi ya kuyazoea bila kuumia wala kuona haya

WATU wengi huanza mazoezi kwa ari kubwa kisha wakayaacha kabla mwezi haujaisha. Sababu wanazozitaja ni nyingi: kazi, uchovu, mvua, msongamano wa magari. Ipo sababu nyingine ambayo hutajwa kwa nadra, ingawa huwaondoa watu viwanjani kimyakimya. Sababu hiyo ni nguo.

Msichana aliyekuwa hodari wa mpira wa pete akiwa na umri wa miaka 10 hufika miaka 13 akaanza kujifanya mgonjwa kila siku ya michezo, kwa kuwa kifua chake kimeanza kukua na sare aliyopewa haimsitiri. Mwanamume aliyeshauriwa na daktari apunguze uzani hununua kaptura ya kukimbilia, akaivaa mara moja, akaona majirani wakimtazama, kisha akaikunja na kuitia kabatini. Mama aliyetaka kujifunza kuogelea hurudi nyumbani kutoka mlangoni mwa bwawa kwa sababu vazi analotakiwa kulivaa halilingani na maadili aliyolelewa nayo.

Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeshindwa na mchezo wenyewe. Walichoshindwa nacho ni vazi, na aghalabu hakuna aliyewaeleza kwamba vazi hilo lingeweza kubadilishwa, kurekebishwa au kuzoewa taratibu. Makala haya yanaeleza kazi ya mavazi hayo, namna ya kuyachagua na hatua za kuyazoea, kwa mwili na kwa moyo.

Adha mbili zisizofanana

Kabla ya kutafuta dawa, ni vyema mtu ajue anaugua nini. Nguo ya mazoezi humsumbua mvaaji kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya mwili: nguo inabana, inachubua, inateleza, inapanda juu au inagandamana na ngozi kwa jasho. Njia ya pili ni ya macho: mvaaji anahisi kwamba anatazamwa, anapimwa na kuhukumiwa.

Adha hizi mbili huchanganywa mara nyingi. Mtu aliyevaa nguo isiyomtosha huivutavuta kila baada ya hatua chache, akadhani kwamba anaona haya, kumbe nguo ni ndogo. Mwingine hubadilisha nguo tatu au nne akitafuta iliyo laini zaidi, ilhali kinachomkera si kitambaa bali ni vijana wanaoketi kando ya njia anayoipitia.

Dawa ya adha ya kwanza ni kipimo sahihi na kitambaa kifaacho. Dawa ya adha ya pili ni uhuru wa kuchagua, mazoea na watu wa kuandamana nao. Tofauti hiyo ina maana kubwa, kwa kuwa mwili hauzoei nguo mbaya. Maumivu ni ishara ya kubadilisha nguo, wala si mtihani wa uvumilivu. Haya, kwa upande wake, hupungua kadiri mtu anavyorudia jambo alilolichagua mwenyewe. Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Mvaaji ndiye anayejua kinachomuuma, na neno lake ndilo lapaswa kusikilizwa kwanza.

Kwa nini michezo ina mavazi yake

Mavazi ya michezo hufanya kazi nne. Kazi ya kwanza ni kuusaidia mwili kujipoza. Mtu anapokimbia au kuruka, misuli yake huzalisha joto, na njia kuu ya kulipunguza ni jasho linalokauka juu ya ngozi. Pamba hunyonya jasho na kulihifadhi. Ndiyo sababu fulana ya pamba huwa nzito, ikagandama mgongoni na kuchelewa kukauka. Vitambaa vya poliesta na nailoni vilivyofumwa kwa ajili ya michezo hunyonya maji kidogo sana, na hulisambaza jasho juu ya kitambaa likakauka upesi.

Mahali nako huamua. Mombasa, ambako hewa imejaa unyevu, jasho hukauka polepole, kwa hiyo nguo nyepesi na pana kiasi hufaa zaidi. Iten, ambayo ipo takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, alfajiri huwa na baridi kali. Huko wanariadha huanza mazoezi wakiwa wamevaa trakisuti, kisha huzivua mwili unapopata joto. Anayeanza mazoezi anaweza kuiga desturi hiyo popote alipo: nguo mbili nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine ni bora kuliko moja nzito.

Kazi ya pili ni kushikilia viungo vinavyotikisika. Kazi ya tatu ni kukinga: vikinga-ugoko kwa wanasoka, kinga ya meno kwa wachezaji wa raga na ndondi, kofia ngumu kwa waendeshaji baiskeli. Kazi ya nne ni kupunguza ukinzani wa hewa au maji. Katika Michezo ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, Cathy Freeman wa Australia alishinda mbio za mita 400 akiwa amevaa vazi la kubana lililomfunika tangu kichwani hadi vifundoni. Juni 26, 2025, Faith Kipyegon alijaribu jijini Paris kuwa mwanamke wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika 4. Alivaa vazi la kubana lenye vinundu vidogo vya kuutawanya upepo, pamoja na sidiria iliyotengenezwa kwa mashine ya kuchapisha vitu vya pande tatu. Alimaliza kwa dakika 4 na sekunde 6 na ushei. Siku 9 baadaye, katika mashindano ya kawaida mjini Eugene, Marekani, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3:48.68.

Funzo kwa msomaji ni kwamba vazi humsaidia mkimbiaji kwa kiasi fulani tu. Miguu ndiyo inayokimbia. Anayeanza mazoezi ahitaji kazi tatu za kwanza. Kazi ya nne, ambayo ndiyo hupandisha bei madukani, awaachie wanaoshindania sehemu za sekunde.

Sidiria ya michezo

Miongoni mwa mavazi yote ya michezo, hili ndilo lenye uzito mkubwa kwa wanawake na wasichana, na ndilo linalozungumzwa kidogo zaidi. Titi halina misuli ndani yake. Hushikiliwa na ngozi pamoja na nyuzi laini zinazoliunganisha na kifua. Mwanamke anapokimbia, matiti hupanda na kushuka, na pia husogea kulia na kushoto. Bila kushikiliwa vizuri huleta maumivu, na mkimbiaji huanza kuikaza mikono au kuinama ili ayatulize.

Sidiria iliyobuniwa mahsusi kwa michezo haina umri mkubwa. Ilianza mwaka 1977 katika jimbo la Vermont, Marekani, pale Lisa Lindahl, mwanamke aliyependa kukimbia, alipoungana na Polly Smith, mbunifu wa mavazi ya maigizo, na Hinda Miller. Mfano wa kwanza uliofaa walioutengeneza ulishonwa kwa kuunganisha nguo mbili za ndani ambazo wanamichezo wa kiume huvaa kushikilia viungo vyao vya siri. Mwaka 2022 watatu hao walitambuliwa rasmi nchini humo miongoni mwa wavumbuzi mashuhuri. Kwa maneno mengine, wanaume walikuwa na vazi lao la kujishikilia kwa miongo mingi kabla ya mtu yeyote kuwafikiria wanawake.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu wasichana zaidi ya 2,000 wa shule nchini Uingereza ulionyesha kwamba takriban nusu yao walisema matiti yao yaliathiri ushiriki wao katika michezo. Wengi hawakuwa wakivaa sidiria ya michezo. Yaani, kikwazo kinachoonekana kuwa cha tabia, kama vile uvivu au utoro, huenda kikawa ni ukosefu wa nguo moja.

Unapoichagua sidiria hiyo, zingatia mambo haya. Ukanda wa chini ya matiti ndio unaobeba sehemu kubwa ya kazi, wala si mikanda ya mabegani. Ukanda huo ukae sawasawa mbele na nyuma. Ukipanda mgongoni, sidiria ni kubwa. Uwe umekaza kiasi cha kupitisha vidole viwili tu. Matiti yote yawe ndani, yasimwagike juu wala kando. Kisha vuta pumzi ndefu: ukishindwa kuijaza, inabana mno. Hatimaye ruka mara kumi mbele ya kioo. Kama kifua kinaruka nyuma ya mwili wako badala ya kwenda pamoja nao, jaribu nyingine.

Asiyeweza kuipata kwa sasa anaweza kuvaa sidiria mbili za kawaida zinazomtosha, moja juu ya nyingine, mradi tu zisimzuie kupumua. Hiyo ni njia ya muda. Vilevile, sidiria ya michezo huzeeka. Ioshe kwa mkono katika maji yasiyo ya moto na uianike kivulini. Ukanda ukilegea na kutorudi unapouvuta, kazi yake imekwisha hata kama rangi ingali inang'aa.

Kuchubuka na jasho

Ngozi ikisuguana na ngozi, au na mshono wa nguo, kwa muda mrefu na kwenye unyevu, huchubuka. Sehemu zinazoathirika zaidi ni baina ya mapaja, kwapani, chini ya ukanda wa sidiria, na kwa wanaume, chuchu. Wanaume wanaokimbia masafa marefu hutokwa na damu chuchuni, jambo ambalo wengi huona aibu kulisema hata kwa wenzao.

Kinga yake ni rahisi. Paka mafuta mazito ya kujipaka, kama vile vaselini, katika sehemu hizo kabla ya kuanza. Wanaume wanaweza kubandika plasta ndogo juu ya chuchu. Wenye mapaja yanayogusana wavae kaptura ya kubana ndani ya kaptura pana au ndani ya sketi. Kabla ya kununua nguo, igeuze ndani nje na uipapase mishono yake kwa vidole; mshono unaoukwaruza mkono dukani utaikwaruza ngozi kwa saa nzima barabarani.

Waendeshaji baiskeli wana kaptura zenye mto mwembamba katika makalio. Wageni wa mchezo huo huivaa juu ya chupi, na hilo ndilo kosa. Kaptura hiyo hutengenezwa ivaliwe bila nguo nyingine ndani, kwa kuwa mishono ya chupi ndiyo inayochubua. Kwa anayeogelea, nguo za pamba huwa nzito majini na kumvuta chini, ilhali vazi la kuogelea hulegea kiasi linapolowa. Kwa hiyo liwe limekaza kidogo unapolijaribu ungali mkavu.

Baada ya mazoezi, usikae na nguo mbichi. Unyevu na joto ni makao ya kuvu wanaosababisha mwasho katika sehemu za siri na baina ya vidole vya miguu. Badili nguo mapema, zifue siku hiyohiyo, na usizikunje kabla hazijakauka.

Viatu na vifaa vya kinga

Kiatu hujaribiwa jioni, kwa sababu miguu huvimba kiasi kadiri siku inavyoendelea, kama inavyovimba wakati wa kukimbia. Kijaribu ukiwa na soksi utakazozivaa mazoezini. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu zaidi. Kisigino kisiteleze. Usisadiki maneno ya muuzaji kwamba kiatu kinachobana leo kitatanuka kesho. Siku za kwanza kivae nyumbani, kisha katika mazoezi mafupi, ndipo ukitumie kwa safari ndefu.

Sheria za soka humlazimu kila mchezaji avae vikinga-ugoko, lakini watoto wengi huvichukia kwa kuwa huhisi kama mbao miguuni. Tatizo huwa ni ukubwa. Kikinga kifunike sehemu kubwa ya ugoko bila kugusa goti wala kuzuia kifundo kukunjika, na soksi ikishikilie kisizunguke.

Kinga ya meno ndiyo ngumu zaidi kuizoea. Zile za bei nafuu huchovywa katika maji ya moto, kisha mvaaji huiuma ili ichukue umbo la meno yake. Mwanzoni huongeza mate, hufanya maneno yasisikike vizuri na wengine huhisi kichefuchefu. Ivae nyumbani kwa dakika kumi au kumi na tano huku ukisoma au ukifanya kazi nyepesi, kisha uongeze muda siku hadi siku. Baada ya muda utasahau kwamba umeivaa.

Kanuni moja huzihusu nguo zote hizi: usivae kitu kipya kwa mara ya kwanza siku ya mashindano. Vazi lijaribiwe katika mazoezi kadhaa, angalau mara moja kwa muda mrefu. Mavazi ya karate na judo, ambayo huwa magumu yakiwa mapya, hulainika baada ya kufuliwa mara chache.

Macho ya watu

Sasa tugeukie adha ya pili. Mwanzo wa kuzoea nguo ni nyumbani. Ivae ukipika, ukifagia, ukipanda ngazi. Keti, inama, chuchumaa, nyoosha mikono juu. Ukiona kwamba nguo inapanda au inaonyesha usichotaka kionekane, utakuwa umelijua hilo faraghani, si mbele ya umati. Kwa suruali ya kubana, inama mbele ya kioo penye mwanga wa kutosha. Kitambaa kikionyesha nguo ya ndani, tafuta kizito zaidi.

Hatua ya pili ni kutoka ukiwa na kitu cha juu. Fulana ndefu inayofika mapajani juu ya suruali ya kubana, au trakisuti utakayoivua ukifika uwanjani, humpunguzia mtu wasiwasi wa njiani. Hakuna kanuni inayokulazimu kuivua. Wapo wanaofanya mazoezi miaka mingi na fulana yao ndefu, wala hawapungukiwi na lolote.

Hatua ya tatu ni kuandamana na wengine. Anayekimbia peke yake mtaani huonekana kama kioja. Kundi la watu watano huonekana kama kundi la mazoezi. Zipo sehemu ambako nguo hizo ni jambo la kawaida, kama vile Msitu wa Karura jijini Nairobi au ufuo wa Nyali asubuhi na mapema. Anza huko ikiwezekana. Chagua saa moja na mahali pamoja, kwa sababu anayekuona leo na kesho na keshokutwa hatakutazama tena wiki ya tatu.

Kuhusu wanaopiga miluzi na kutoa maneno machafu, ni lazima isemwe waziwazi kwamba kosa ni lao. Hakuna urefu wa kaptura unaohalalisha matusi. Hata hivyo usalama hautegemei nani ana kosa, kwa hiyo badilisha njia, epuka giza na usisite kumweleza mtu unayemwamini.

Aidha, wapo wanaosubiri kupungua uzani kwanza ndipo wavae nguo za mazoezi. Huko ni kuyageuza mambo. Nguo hizo zilitengenezwa kwa kazi, si kwa tuzo ya waliokwisha kukonda. Nunua kipimo cha mwili ulio nao leo. Nguo ndogo iliyonunuliwa kwa matumaini humkumbusha mtu kila asubuhi kwamba hatoshi, na mara nyingi hubaki kabatini.

Stara na kanuni

Kwa wengine, hasa wanawake wa Kiislamu, suala si mazoea bali ni imani. Kwao jibu sahihi ni vazi jingine, wala si kuambiwa wajikaze. Kwa muda mrefu vyama vya michezo vilikataa jambo hilo. Mwaka 2011 timu ya soka ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza mechi ya kufuzu kwa Olimpiki dhidi ya Jordan kwa sababu ya vazi la kichwani. Mwaka 2014, katika Michezo ya Asia huko Incheon, Korea Kusini, timu ya mpira wa vikapu ya wanawake ya Qatar ilijiondoa baada ya kukatazwa kucheza na hijabu.

Wanamichezo hao hawakunyamaza, na kanuni zikabadilika. Soka iliruhusu rasmi vazi la kichwani mwaka 2014. Mpira wa vikapu ukafuata mwaka 2017. Voliboli ya ufuoni iliruhusu kaptura na fulana za mikono mwaka 2012, na katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 Doaa Elghobashy wa Misri alicheza akiwa na hijabu, mikono na miguu yake ikiwa imefunikwa.

Vazi la kuogelea linalofunika mwili mzima lilibuniwa mwaka 2004 na Aheda Zanetti, mzaliwa wa Lebanon anayeishi Australia, baada ya kumwona mpwa wake akitaabika kucheza mpira wa pete na nguo zisizofaa. Karibu na kwetu, kijijini Nungwi katika kisiwa cha Unguja, wasichana wamefunzwa kuogelea wakiwa na mavazi ya aina hiyo. Kwa jamii inayoishi kando ya bahari, hilo si suala la fasheni. Anayejua kuogelea huweza kuyaokoa maisha yake na ya mwenzake.

Si wenye kutaka kujisitiri kwa dini pekee walionufaika. Mwaka 2021 wanawake wa Norway walitozwa faini ya Yuro 1,500 katika mchezo wa handiboli ya ufuoni kwa kuvaa kaptura badala ya chupi za bikini. Mwaka huohuo kanuni ikarekebishwa ili kaptura ziruhusiwe. Mwaka 2021 pia shirikisho la uogeleaji duniani lilikataa kofia kubwa zilizotengenezwa kwa nywele nene za watu wenye asili ya Afrika, kisha likaziidhinisha mwaka 2022.

Mjadala haujakwisha. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Ufaransa iliwakataza wanamichezo wake wenyewe kuvaa hijabu, ingawa wageni waliruhusiwa. Lakini mwelekeo wa miaka hii unaonyesha jambo moja: kanuni ya mavazi iliandikwa na watu, na watu wanaweza kuiandika upya.

Hedhi na rangi ya nguo

Rangi nayo ina uzito. Msichana aliye katika siku zake huogopa kaptura nyeupe kuliko mpinzani wake. Mashindano ya tenisi ya Wimbledon, yanayojulikana kwa kushikilia rangi nyeupe, yaliruhusu wanawake wavae kaptura za ndani za rangi nyeusi au nzito kuanzia mwaka 2023. Mwaka huohuo timu ya soka ya wanawake ya Uingereza iliacha kaptura nyeupe na kuvaa za buluu.

Hapa Kenya, sheria ya elimu ilirekebishwa mwaka 2017 ili serikali iwape wasichana wa shule za umma sodo bila malipo. Hatua hiyo itazaa matunda zaidi uwanjani iwapo shule zitachagua pia kaptura za rangi nzito. Badiliko hilo halihitaji pesa za ziada. Lahitaji tu kukumbukwa siku ya kuagiza sare.

Bei, mitumba na fundi

Wengi husema kwamba mavazi haya ni ya matajiri. Ni kweli kuwa nguo za kampuni kubwa ni ghali, lakini soko la Gikomba jijini Nairobi na lile la Kongowea mjini Mombasa huuza nguo za michezo za mitumba kwa bei nafuu. Mnunuzi awe macho. Livute vazi kisha uliachilie: likirudi upesi, mpira wake ungali hai, likibaki limelegea, liache. Liangalie dhidi ya mwanga uone kama limekwanguka mapajani. Kiatu kikunje na ubonyeze soli kwa kidole gumba; ikiwa ngumu kama ubao au imeliwa upande mmoja, kitayaumiza magoti yako. Kila nguo ya mtumba ifuliwe vizuri kabla ya kuvaliwa.

Fundi wa kushona naye ni msaada mkubwa. Anaweza kurefusha kaptura, kuongeza mikono katika jezi, kushona vazi la kichwani lisilohitaji pini, au kuunga kaptura ya kubana ndani ya sketi ya mpira wa pete. Kuhusu tabia ya shule kuwagawia wachezaji jezi zilezile kila mwaka bila kujali maumbo yao, wahenga walitukanya zamani waliposema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako.

Wajibu wa wazazi na walimu

Mtoto hawezi kununua sidiria wala kubadilisha kanuni za shule. Mama, shangazi au dada mkubwa na azungumze na binti mapema, kabla ya mwili wake kumshtua. Baba naye asione kwamba hayamhusu; kutenga pesa za nguo hiyo kama anavyotenga za viatu vya shule ni ujumbe tosha.

Walimu na makocha watoe angalau mitindo miwili ya sare, mmoja mfupi na mmoja mrefu, na kila mchezaji achague bila kuulizwa sababu. Watafute mahali pa faragha pa kubadilishia nguo. Wasitoe maoni kuhusu maumbo ya wanafunzi hata kwa mzaha, na wasiruhusu picha za simu vyumbani. Mchezaji anayekaa benchi kila wiki kwa kisingizio cha kuumwa aulizwe kwa upole, faraghani, kama sare inamfaa.

Huenda jibu likawa ndilo linalomrudisha uwanjani. Mchezo humfunza mtoto kushinda, kushindwa na kuinuka tena, na mazoezi humkinga mtu mzima na maradhi ya moyo na kisukari. Ni hasara kubwa mno kuyapoteza yote hayo kwa sababu ya mshono unaochubua au kaptura ya rangi isiyofaa. Vazi lilibuniwa limtumikie mwanamichezo. Pale linapomfukuza, libadilishwe vazi.